Breki za baiskeli ya mtoto: Diski kubwa si jibu la kwanza

Likizo ikianza, baiskeli zilizokaa stoo muhula mzima zinarudi barabarani. Siku hizi si ajabu kumkuta mtoto wa darasa la sita akiwa na baiskeli ya milimani yenye matairi mapana, gia nyingi na breki za diski badala ya zile za mpira unaobana ringi. Nyingi ni mtumba, na hali ya breki zake huijua aliyeiuza tu.

Mtoto akilalamika kuwa breki hazishiki, mzazi huambiwa moja kati ya mambo mawili. Ndugu na majirani watasema mtoto aendeshe polepole, ushauri usiodumu hata nusu saa. Fundi au muuza vipuri atasema aweke diski kubwa na pedi mpya. Ushauri huu wa pili una ukweli ndani yake, ila ukifuatwa kichwakichwa unaweza kumpa mtoto breki inayomrusha juu ya usukani, au kuunguza hela bila tatizo kuondoka.

Kwanza mzazi ajue breki inafanya kazi gani. Barabara ya kutoka Lushoto kwenda Mombo, mkoani Tanga, inashuka takriban mita 1,000 katika kilomita thelathini na kitu za kona. Mtoto wa kilo 40 juu ya baiskeli ya kilo 14 akiteremka mlima huo, nishati inayopaswa kupotelea mahali njiani inatosha kuchemsha karibu lita moja na nusu ya maji ya bomba. Sehemu yake huchukuliwa na upepo, hasa pale mtoto anapoiachia baiskeli ikimbie. Akiwa ameshikilia breki njia nzima, sehemu kubwa ya joto hilo inaingia kwenye diski mbili za chuma ambazo hazifiki hata milimita 2 kwa unene.

Mwendo nao una hesabu yake. Baiskeli inayokwenda kilomita 40 kwa saa haihitaji breki mara mbili ya ile ya kilomita 20, inahitaji mara nne. Ndiyo maana mtoto ambaye breki zake "ziko sawa" uwanjani nyumbani anaweza kushindwa kabisa kusimama kwenye mteremko.

Anza na mkono wa mtoto

Kabla ya kununua chochote, mwambie mtoto akae juu ya baiskeli, ashike usukani kama kawaida, kisha anyooshe kidole cha shahada na cha kati kuelekea leva ya breki. Kama vidole vinaishika kwa ncha tu, au inabidi ahamishe kiganja kizima ili kuifikia, hapo ndipo penye tatizo. Leva nyingi zimetengenezwa kwa mkono wa mtu mzima. Nyingi zina skrubu ndogo karibu na mahali leva inapoungana na usukani, ambayo ikizungushwa kwa ufunguo mwembamba wa alen leva inasogea karibu na mkono. Ni kazi ya dakika mbili isiyo na gharama, na kuna watoto ambao breki zao "hupona" hapohapo.

Jambo jingine ni leva ipi inafunga gurudumu lipi. Baiskeli za mtumba kutoka Japani na Uingereza kwa kawaida huwa na breki ya mbele mkono wa kulia. Zinazotoka Marekani na sehemu kubwa ya Ulaya, breki ya mbele iko kushoto. Mtoto aliyezoea moja, akiazima ya rafiki yake siku moja na kubana kwa nguvu mkono ule ule, anaweza kujikuta amefunga gurudumu la mbele peke yake. Kama nyumbani kuna baiskeli mbili, mwambie fundi azifanye zifanane.

Kisha tazama breki ni ya aina gani. Zipo zinazovutwa na waya na zipo zinazosukumwa na mafuta ndani ya bomba jembamba. Kwenye baiskeli za bei ya chini, za waya ndizo nyingi, na ugonjwa wake mara nyingi hauko kwenye diski. Waya huota kutu ndani ya ganda lake, hasa kwa wanaoishi pwani. Halafu breki nyingi za waya husogeza pedi moja tu, ile ya nje. Ya ndani haitembei, inasubiri kusogezwa kwa mkono kadiri inavyolika. Asiyejua hilo ataendelea kukaza waya hadi mwisho bila mafanikio. Waya mpya na ganda lake, na pedi ya ndani ikasogezwa karibu na diski, vinaweza kurudisha breki ambayo fundi alishasema imekufa.

Mafuta, adui ambaye haonekani

Kama leva iko sawa na waya uko sawa lakini breki inapiga kelele kama mlango wa geti na haishiki, dhania mafuta. Pedi za diski ni kama sifongo. Zikiguswa na grisi, oili ya mnyororo au hata mafuta ya vidole, zinanyonya. Na hapa lawama kubwa iko nyumbani. Mtoto anasafisha baiskeli yake kwa moyo wote, anapuliza dawa ya kulegeza kutu kwenye mnyororo, na mvuke wake unatua kwenye diski ya nyuma iliyo sentimita chache tu kutoka hapo. Wengine hupaka oili diski yenyewe ili "isipige kelele". Kelele itaisha kweli, pamoja na breki.

Diski iliyochafuka inaweza kusafishwa kwa alkoholi ya isopropili na kitambaa safi. Wazazi wengi watakimbilia kitakasa mikono kilichobaki tangu wakati wa Uviko-19, kwa kuwa nacho ni alkoholi. Kisitumike. Vitakasa mikono huongezwa glisarini ili visikaushe ngozi, na glisarini inabaki kwenye chuma kama utando. Spiriti ya dukani nayo isomwe lebo, kwani baadhi huchanganywa na mafuta ya nyonyo.

Pedi zilizolowa mafuta ni habari nyingine. Mafundi huzichoma kwa moto au kuzisugua kwa msasa. Kwa uchafu wa juujuu, msasa husaidia. Kama mafuta yameingia ndani, zitarudi kuteleza baada ya siku mbili, tena pengine katikati ya mteremko. Kwa baiskeli ya mtoto ni afadhali kununua pedi mpya na zile za zamani zikatupwa, zisiwekwe "akiba".

Hata zisizo na mafuta zina mwisho wake. Maelekezo ya Shimano, kampuni ya Japani ambayo breki zake ziko kwenye baiskeli nyingi za mtumba, ni kubadilisha pedi pale tabaka linalosugua linapobaki nusu milimita. Kwa macho ya kawaida, hapo limebaki jembamba kama kadi ya benki, tena pungufu. Likiisha kabisa, chuma kitasugua chuma, na diski itaharibika pamoja na pedi.

Pedi za aina mbili

Muuzaji atauliza mnataka za resini au za chuma. Za resini ni laini, hushika tangu mguso wa kwanza hata zikiwa baridi, na hazina kelele nyingi. Udhaifu wake ni kwamba hulika haraka kwenye tope na mchanga, na kwenye mteremko mrefu huanza kupoteza nguvu zikipata moto mkali. Za chuma, yaani unga wa metali uliogandishwa kwa joto, hudumu zaidi na huvumilia joto na maji, lakini zina kelele na huhitaji kupata moto kidogo kabla hazijashika vizuri.

Kwa mtoto anayezunguka mtaani Kinondoni au Kisumu mjini, za resini zinatosha na zaidi. Kwa anayeishi Lushoto, Marangu, Tukuyu, au upande wa Iten ambako barabara inaporomoka kuelekea bonde la Kerio, za chuma zina maana, hasa msimu wa mvua.

Ila kuna mtego. Diski nyingi za bei nafuu zimeandikwa kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo karibu na kitovu, kwamba ni za pedi za resini tu. Chuma chake ni laini. Ukiziwekea pedi za chuma zitaliwa mapema. Kwa hiyo mzazi anayetaka pedi za chuma ahesabu na bei ya diski zinazozikubali. Na asiende dukani mikono mitupu: pedi zina maumbo mengi, na tofauti ya milimita moja inatosha kuifanya isiingie. Fundi azitoe za zamani, ziende dukani zikiwa kwenye mfuko.

Diski ibadilishwe lini?

Diski nyingi mpya zina unene wa karibu milimita 1.8, na za Shimano hutakiwa kubadilishwa zikifika 1.5. Fundi mwenye kipimo atajua mara moja. Asiye nacho apitishe ukucha kuanzia ukingoni kuelekea katikati, gurudumu likiwa limesimama na diski imepoa, na kama ukucha unakwama kwenye kingo kama kwenye mdomo wa sahani, imelika. Iliyobadilika rangi kuwa ya samawati imewahi kupata moto mkali. Iliyopinda inaweza kunyooshwa, lakini yenye ufa haina matibabu.

Sasa ukubwa. Saizi za kawaida ni milimita 160, 180 na 203. Diski kubwa hushika vizuri zaidi kwa sababu ileile inayofanya spana ndefu ifungue nati ngumu: nguvu inashika mbali zaidi na katikati. Kutoka 160 kwenda 180 ni nyongeza ya takriban asilimia 12 kwa nguvu ileile ya vidole. Kutoka 160 kwenda 203 ni zaidi ya robo. Chuma kikiwa kingi, joto nalo hupata mahali pa kukaa.

Lakini mtoto wa kilo 35 au 40 hahitaji breki ya mtu wa kilo 90. Diski ya 160 yenye pedi nzima, safi, na leva inayofikika itamsimamisha karibu popote. Diski ya 180 kwenye gurudumu la mbele ni ya kufikiriwa kwa kijana aliyekwishafikisha kilo 60, anayebeba mzigo, au anayeshuka mlima kila siku kwenda shule. Hiyo 203 waachiwe watu wazima na mbio zao.

Anayeamua kuongeza saizi aulize mambo matatu. Je, fremu na foko ya mbele vinaruhusu? Kila foko ina ukubwa wa mwisho uliowekwa na mtengenezaji, na za baiskeli ndogo nyingi haziruhusu kubwa. Ukizidisha, nguvu ya breki inavuta sehemu ambayo haikutengenezwa kuvutwa hivyo. Je, kuna kipande cha kusogeza kalipa, kile kinachobana pedi, ili ikae juu ya diski mpya? Bila kipande cha saizi sahihi, fundi asikubaliwe kuweka washa juu ya washa. Na je, kitovu cha gurudumu kinapokea diski ya boliti sita au ya nati moja kubwa ya katikati? Hizo mbili haziingiliani hivihivi. Boliti sita hufungwa kwa ufunguo wa kichwa cha nyota, saizi T25, kwa zamu za kuvuka upande wa pili na si kwa kuzunguka.

Kwa breki za mafuta kuna onyo moja ambalo mzazi amwambie fundi waziwazi. Shimano, Tektro na Magura hutumia mafuta ya madini. Hayes na breki nyingi za SRAM hutumia yale ya DOT, jamii moja na ya magari. Fundi wa barabarani aliye na chupa moja tu ya mafuta ya breki za pikipiki anaweza kuyamimina popote. Mpira wa ndani wa breki ya mafuta ya madini ukikutana na DOT huvimba na kuharibika, na breki inaweza kwisha siku ambayo hakuna aliyetarajia. Aina ya mafuta huwa imeandikwa kwenye leva yenyewe. Pia mtoto aonywe asibane leva gurudumu likiwa limetolewa, kwa sababu pistoni zinasogea na gurudumu halitarudi.

Breki mpya haijawa breki bado

Wengi hutoka kwa fundi na pedi mpya, mtoto anapanda, anateremka. Pedi na diski mpya hazishiki vizuri siku ya kwanza. Lazima tabaka jembamba la pedi lihamie kwenye diski kwanza. Tafuteni sehemu tambarare isiyo na magari, baiskeli ifike mwendo wa wastani, kisha breki ibanwe taratibu hadi mwendo wa mtu anayetembea, bila kusimama kabisa, na kuachiwa. Hivyo mara 20, halafu mara 10 nyingine kwa mwendo wa juu kidogo, gurudumu la mbele na la nyuma kila moja kwa zamu yake. Mzazi anayeweza kuikalia baiskeli hiyo afanye mwenyewe. Watu watacheka, lakini breki itashika.

Baada ya hapo ndipo mtoto afundishwe upya, maana mkono wake bado una mazoea ya breki mbovu ya kubana kwa nguvu zote. Baiskeli inapofunga breki, uzito hukimbilia mbele. Ndiyo maana breki ya mbele hufanya sehemu kubwa ya kazi, na ndiyo maana ikibanwa ghafla humrusha mtu. Mtoto ni mwepesi, na mara nyingi amekaa juu kuliko inavyotakiwa kwa sababu baiskeli ilinunuliwa ya "kukulia". Afundishwe kwenye tambarare: vidole viwili, leva zote mbili pamoja, kubana kwa kuongeza kidogokidogo, makalio yakirudi nyuma. Kwenye mteremko mrefu abane na kuachia, abane na kuachia, ili diski zipumue. Akisikia harufu ya kuungua, asimame apumzike. Asimwagie diski maji, kwani chuma cha moto kikipozwa ghafla kinaweza kupinda.

Kuna jeraha moja ambalo kila mzazi wa mwenye baiskeli alijue. Mtoto anapoangukia mbele, ncha ya usukani inaweza kumchoma tumboni. Nje hubaki alama ndogo ya duara, au hakuna kitu, na mtoto anasema haumii sana. Ndani, ini, bandama, utumbo au kongosho vinaweza kuwa vimeumia, na dalili zikachelewa kwa saa nyingi au hata siku. Maumivu ya tumbo yanayoongezeka, kutapika, maumivu ya bega bila bega kugongwa, mkojo wenye damu, kupauka, jasho la baridi: yoyote kati ya hizo baada ya kuanguka ni hospitali siku hiyohiyo, na daktari aambiwe wazi kwamba ni usukani. Vifuniko vya mpira kwenye ncha za usukani hugharimu kidogo sana. Kama vimepotea na bomba limebaki wazi lina makali, vinunuliwe kabla ya diski.

Diski yenyewe nayo ina hatari mbili. Ikizunguka ni kisu. Matundu yake yanaweza kukata ncha ya kidole cha mtoto anayeelekeza "hapa ndipo panapopiga kelele" huku mwenzake akizungusha gurudumu. Ikitoka mlimani ni pasi. Mtoto akiungua, sehemu hiyo iwekwe chini ya maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha ifunikwe kwa kitambaa safi. Isipakwe dawa ya meno, ute wa yai wala mafuta. Kidole kikikatika, kibanwe jeraha kwa kitambaa safi, kipande kifungwe kwenye kitambaa safi chenye unyevu, kiingizwe kwenye mfuko wa plastiki, na mfuko ndio uwekwe juu ya barafu, kisha hospitali mara moja.

Unga mweusi unaokusanyika kwenye kalipa usipulizwe kwa mdomo. Ufutwe kwa kitambaa kibichi.

Kwa anayehesabu hela wiki hii, mpangilio wa matumizi ni huu: leva isogezwe, waya na pedi zikaguliwe, pedi zibadilishwe kama zimelika au zimelowa mafuta, na kama fedha ni ya gurudumu moja tu lianze la mbele. Diski mpya ya saizi ileile ifuate endapo ya zamani imelika. Kubwa zaidi ni ya mwisho, na kwa watoto wengi haitafikiwa. Helmeti haimo kwenye hesabu hii kwa sababu inapaswa kuwa imeshanunuliwa.

Baada ya safari ya kwanza ndefu, boliti za diski na za kalipa zikaguliwe tena zikiwa zimepoa. Zile zilizofungwa vibaya hulegea mapema, na zikilegea diski huanza kutoa mlio wa tiki-tiki kila leva inapobanwa. Mtoto aambiwe kwamba akiusikia mlio huo ashuke na kuisukuma hadi nyumbani.